Kitufe cha Marahaba

Siku mama alipoanguka mimi nilikuwa Masasi, dukani, nachapa barua ya bwana mmoja aliyekuwa anaomba kazi ya ulinzi. Aliyepiga simu ni mama mdogo. Yeye na mama ni wa tumbo moja, na tangu wote wawili walipofiwa na waume zao walikuwa wakiishi nyumba moja kule Mnyambe, wakilima muhogo na mbaazi na kuokota korosho za shamba aliloacha baba.

"Mama yako kadondoka kwenye mikorosho," alisema. "Mkono wa kulia haufanyi kazi. Mdomo umekwenda upande."

Nikamjibu nimesikia. Nikaimalizia barua ya yule bwana, nikamsomea ili ahakikishe jina la kijiji chake limeandikwa sawa, nikaitoa kwenye printa, nikamkabidhi. Alipotoka ndipo nikamwambia mwenye duka kwamba mama yangu anaumwa, naomba ruhusa.

Mwenye duka ni mama wa makamo, hana makuu. Alinitazama usoni. "Lakini wewe uko sawa?"

"Niko sawa."

Sikuwa namdanganya. Nilikuwa nimejisikiliza kama mtu anavyosikiliza bati ajue kama mvua imeanza, na sikusikia kitu. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda stendi, nikapanda gari la Newala.

Hospitali walisema ni kiharusi. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alituita pembeni mimi na mama mdogo akatueleza kwamba damu imeleta shida upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana upande wa kulia wa mwili umelala. "Na sehemu ya kusemea imeguswa," alisema. "Anawaelewa. Msimsemeshe kama mtoto. Kinachomshinda ni kutoa neno."

Neno moja lilikuwa limebaki. Mama alikuwa anaweza kusema "kumbe".

Sijui kwa nini lilibaki hilo, na daktari naye hakujua. Alisema wengine hubakiwa na tusi, wengine na jina la mtu, wengine na kipande cha sala. Mama alibakiwa na kumbe. Akitaka maji, kumbe. Akisikia maumivu ya bega, kumbe. Muuguzi alipomgeuza vibaya, alimtolea kumbe ndefu, kali, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Maneno ya Kimakonde, ambayo ndiyo aliyokuwa akiyatumia nyumbani maisha yake yote, yalikuwa yamekwenda yote. Likabaki hilo la Kiswahili, lugha aliyojifunzia shuleni na sokoni.

Tulirudi naye Mnyambe. Watu walikuja kumjulia hali, wakakaa kwenye mikeka, wakanipa pole. Nilizipokea. Nilipika, nilifua, nilimwogesha mama kwa kitambaa na kumpaka mafuta, nikamnyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja kama tulivyofundishwa, na vidole vikajikunja tena. Wanawake walisema mtoto huyu ana moyo. Mama mdogo alilia karibu kila siku, akienda kulilia nyuma ya jiko ili dada yake asimwone, halafu anarudi na macho mekundu akijisingizia moshi. Nilikuwa namwonea wivu kidogo. Si kwamba nilitaka kulia. Nilitaka tu kujua inaanzia wapi.

Kuna alasiri moja siwezi kuisahau. Tulikuwa tumeanika korosho nje kwenye turubai, zile za mwisho wa msimu. Mama alikuwa amelazwa ndani, kitanda kinaangalia mlango. Akaanza: "Kumbe. Kumbe." Nikampelekea maji, akayasukuma kwa mkono wa kushoto. Mama mdogo akaleta beseni la haja. Akalikataa. Tukaleta shuka, tukaondoa shuka. Tukamkalisha, tukamlaza. "Kumbe! Kumbe!" Jasho lilikuwa linamtoka, na mama mdogo akaanza kupandisha sauti.

"Dada, unataka nini? Sema basi unataka nini!"

Akaziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja mara tu alipoyatamka. Mama akafumba macho, akanyamaza. Muda mfupi baadaye mvua ikashuka kwa nguvu, mvua iliyotoka upande wa nyuma ya nyumba ambako sisi wawili hatukuwa tumeangalia, na tulipotoka mbio korosho zilikuwa zinaelea. Mama alikuwa ameisikia harufu ya mvua. Alikuwa anatwambia tuanue.

Tulipoingia ndani tumelowa chapachapa, alitutazama, akasema taratibu, "Kumbe." Safari hii neno lilikaa mahali pake.

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikachukua kitambaa nikaanza kujifuta nywele.

Niliporudi kazini Masasi, nilikuwa nashinda dukani siku za wiki na kupanda Mnyambe kila mwisho wa juma. Duka letu ni la vifaa vya ofisi na kuchapa: fotokopi, picha za pasipoti, kuwajazia watu maombi ya vyuo na ya ajira kwenye mtandao. Kompyuta zake mwenye duka amezifunga kwa nywila ili mtu asiingize programu za ovyo. Kwa hiyo huwezi kuongeza kitu chochote, lakini kivinjari kipo, ile programu ya kufungulia intaneti, na ndani ya kivinjari kuna mlango ambao wengi hawaujui.

Niliugundua kwa bahati muda mrefu kabla ya mama kuugua. Nilikosea kubonyeza kitufe cha juu kwenye kibodi, na pembeni mwa ukurasa niliokuwa nasoma likafunguka dirisha lenye matumbo yote ya ukurasa ule: majina ya rangi, vipimo, maandishi yamezungushiwa alama. Nilidhani nimeharibu kompyuta ya watu. Nikafunga haraka. Kesho yake, duka likiwa tupu, nikalifungua tena kwa makusudi. Kulikuwa na sehemu yenye mstari mmoja mtupu na mshale mdogo, kama mtu aliyenyamaza anakungoja useme. Nikaandika hesabu ya kujumlisha, nikabonyeza, ikanijibu. Baadaye nikajifunza kuandika alert("Karibu dukani"), na kisanduku kikaruka katikati ya kioo kikinikaribisha dukani. Hakuna kilichosakinishwa. Hakuna ruhusa iliyoombwa. Unaandika amri, inatekelezwa pale pale.

Toka hapo nilikuwa nikijifunza saa ambazo wateja ni wachache. Kurasa za kufundishia ni za Kiingereza na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini msimbo wenyewe, yale maagizo unayoiandikia kompyuta, hauna maneno mengi. Nilitengeneza vitu visivyo na faida: saa, mchezo wa kubahatisha namba, ukurasa unaobadilika rangi ukiugusa. Nilikuwa nafanya hivyo kama wengine wanavyofuma vitambaa vya makochi.

Sasa nikaanza kutengeneza vitufe vya mama.

Wazo lilikuwa dogo. Ukurasa mmoja, vitufe vikubwa, kila kitufe kina picha, na ukikigusa kinasema. Mwenye duka alikuwa na kishikwambi cha zamani kilichopasuka kioo pembeni, kimekaa kabatini hakina kazi. Nilipomweleza ninachotaka alikitoa akakipangusa vumbi kwa kanga yake.

"Kichukue," alisema. "Na mama akipona usinirudishie."

Nilikosea sana. Ukisahau kufunga mabano, au ukiweka nukta mahali pa mkato, kivinjari kinatoa mstari mwekundu unaosema kosa liko wapi. Wengi wanaojifunza huuchukia mstari ule. Mimi nilikuwa naukodolea macho nikiwa nimetulia kabisa. Kosa liko mstari fulani, unakwenda unalirekebisha, unaendesha tena. Kwa miezi ile ndicho kitu pekee kilichokuwa kinanieleza wazi kinaumwa wapi.

Mwanzoni nilitaka kompyuta yenyewe iseme, maana kivinjari kina amri ya kusoma maandishi kwa sauti. Nikaandika "Naomba maji", nikaendesha. Ikatoka sauti ya mwanamke wa Ulaya anayesoma Kiswahili bila kujua anasoma nini. Mzee mmoja wa Lupaso, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri fotokopi zake, akainua kichwa.

"Huyo mzungu anataka nini?"

"Anataka maji, mzee."

"Sasa mpeni!"

Duka zima lilicheka. Nikaifuta ile amri. Nikaingia chumba cha nyuma nikarekodi sauti yangu mwenyewe kwa simu: Naomba maji. Nahisi njaa. Naumwa. Nataka kwenda chooni. Nigeuze. Kumi hivi. Jumamosi nikapanda navyo Mnyambe.

Mama alikuwa amekalishwa barazani, mgongo umeegemezwa mto. Nikamwekea kishikwambi mapajani, nikamwonyesha. Alikigusa kitufe cha maji kwa kidole cha kushoto. Sauti yangu ikasema, "Naomba maji." Akanitazama mimi. Akagusa tena. "Naomba maji." Akanitazama tena, kisha akakisukuma kishikwambi mpaka kikaangukia mkekani, akageuzia uso ukutani.

Nilidhani hajaelewa. Nikataka kurudia maelezo. Mama mdogo alikuwa anatwanga hapo pembeni. Akaweka mchi chini.

"Kaelewa," alisema. "Kwani nini hiki? Hebu nieleze na mie."

"Ni kodi nimeandika, mama. Inaendeshwa kwenye…"

"Kodi? Ya serikali?"

"Hapana. Ni maagizo. Unayaandikia kompyuta, inayafuata."

"Haya. Na anayesema humo ni nani?"

"Mimi."

"Ndiyo hivyo. Unamsemea." Alikaa mkekani, akakiokota kishikwambi, akakishika kwa ncha za vidole kama sahani ya moto. "Tangu lini dada akasema naomba maji? Ndani ya nyumba yake? Wewe umekaa Masasi mno. Dada akitaka maji anasema, 'Medi!' Basi. Na akisema hivyo unakimbia."

Kutoka ukutani mama akasema, "Kumbe."

Basi tukarekodi upya. Mama mdogo alikuwa na sauti ya mama. Tangu wakiwa wasichana watu walikuwa wakiwachanganya gizani. Tulimrudisha mama kitandani, tukakaa chumbani humo, mlango umefungwa kwa ajili ya kelele za kuku, nami nikamshikia simu karibu na mdomo. Kwanza aliona haya, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Halafu alipoanza kumwigiza dada yake, haya zikamtoka. Mengi yalikuwa ya Kimakonde, machache ya Kiswahili kwa ajili ya wageni. Hakufuata maneno yangu. Alisema: Medi! Alisema: Nani kaacha mlango wazi? Alisema: Chakula gani hiki hakina chumvi? Alisema: Sitaki mie! Alisema: Mmeanua? Mama, aliyekuwa amelala kitandani hapo hapo, alianza kutikisika. Nikadhani ni kifafa. Alikuwa anacheka, nusu ya uso inacheka na nusu imetulia.

Ili sauti zikae ndani ya ukurasa wenyewe, zisihitaji intaneti, nililazimika kuzigeuza kuwa herufi. Ndivyo inavyofanyika: sauti inakuwa mfululizo wa herufi na namba, mrefu ajabu, na unaubandika katikati ya msimbo. "Sitaki mie" ya mama mdogo ilijaza kioo kizima, ukisogeza chini inaendelea, ukisogeza inaendelea, herufi zisizosomeka. Kule dukani niliziangalia kwa muda mrefu. Mteja akaniuliza kama kompyuta imeingiwa na virusi. Nikamwambia ni mama yangu mdogo.

Vitufe vile mama alivikubali. Alivikubali kupita kiasi. Mama mdogo alikuwa ananipigia simu Masasi kushtaki: "Dada yako… namaanisha mama yako, tangu asubuhi ananiuliza nani kaacha mlango wazi. Mlango umefungwa!" Nyuma yake nikasikia sauti yake mwenyewe ikimjibu kutoka kwenye kishikwambi kwamba chakula hakina chumvi.

Lakini bado hatukuwa tumemaliza. Jumapili moja nilikuwa nimekaa na mama barazani, akapita mke wa kijana wa jirani, bibi harusi mgeni kutoka Newala mjini, na ndoo kichwani. Akasimama, akapiga goti kidogo kwa adabu ndoo ikiwa juu.

"Shikamoo mama."

Mama akafungua mdomo. Akaufunga. Mkono wa kushoto ukashuka kwenye kishikwambi na kidole kikaanza kutembea: maji, njaa, mlango, chumvi, korosho ya "Mmeanua?". Kikafika mwisho, kikarudi mwanzo. Yule binti alikuwa bado amesimama, goti limekunjwa, maji yanamchuruzikia shingoni, hajui kama aondoke au asubiri. Kidole cha mama kikatembea tena.

"Kumbe," mama akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, akaangalia chini.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibia mimi. Yule binti akashukuru akaenda zake.

Nilikuwa nimefikiria kiu, haja, maumivu. Nilikuwa nimemtengenezea vitufe kama mtu atakayekuwa anahitaji vitu tu. Tangu augue, watoto na wakwe na wajukuu wa kijiji kizima walikuwa wakimwamkia, na yeye, mwanamke wa umri ule, alikuwa akiwajibu kumbe, au anajifanya amelala. Ndiyo maana siku hizi wageni wakija alikuwa anafumba macho.

Nikamwita mama mdogo akatoka jikoni na mikono ina unga wa muhogo. "Sema marahaba," nikamwambia.

"Mbona hujaniamkia?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba!"

Simu ilikuwa inarekodi. Chini ya ukurasa wa mama nilikuwa nimejiwekea kisanduku kitupu cha kuandikia, cha matumizi yangu. Ukiandika msimbo pale na kugusa, unaendeshwa ndani ya ukurasa huo huo. Nikaihamishia sauti kwenye kishikwambi, nikaandika msimbo pale pale barazani, kwa kidole gumba, nikakosea mabano, mstari mwekundu ukatokea, nikarekebisha, nikaendesha. Kitufe kipya kikajitokeza juu ya vingine vyote, kikubwa kuliko vyote. Hakikuwa na picha. Sikujua marahaba inachorwaje. Nilikipaka rangi ya kijani.

Mama alikigusa. "Marahaba!" Akakigusa tena. Hakutabasamu. Aliegemea mto vizuri, akavuta kanga begani, akakaa kama anavyokaa mtu mwenye nyumba.

Baada ya hapo hakutaka tena kushinda ndani. Asubuhi mama mdogo alimtoa barazani na kishikwambi chake, na kila apitaye njiani alimwamkia, akajibiwa. Watoto walikuwa wanapita makusudi, wanazunguka nyumba na kupita tena. Mama aliwajibu wote. Mimi niliyatazama yale nikajua kwamba ni mambo mazuri. Nilijua kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Wakati wa kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, miti yote ikiwa na vumbi la njano, mama mdogo alianza kulalamika tumbo. Alikunywa dawa za miti, akanywa za dukani. Alipopelekwa hospitali walimfanyia upasuaji. Hakuamka. Mtu wa kwanza kunipigia simu alikuwa jirani, na safari hii sikuwa na barua ya kumalizia. Nilikuwa nimekaa tu. Nikasema innalillahi. Nikaingia gari la Newala.

Alizikwa siku ile ile alasiri. Mama alikalishwa ndani na wanawake. Watu walikuja wengi, maana mama mdogo alikuwa mtu wa watu. Kijana mmoja wa ukoo aliyetoka safari alipita mlangoni, akainama mbele ya mama, bila kufikiri, kama mtu anavyomwamkia mkubwa.

"Shikamoo bibi. Pole sana."

Na mama, bila kufikiri, akagusa kitufe.

"Marahaba!" ikasema sauti ya mama mdogo, imechangamka, na unga wa muhogo mikononi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na mlango akatoka nje. Mwingine akaanza kulia upya kwa sauti kubwa. Mama akaondoa mkono kwenye kioo polepole na kuuficha chini ya kanga. Kishikwambi kilibaki kikiwaka mapajani mwake mpaka kioo kikajizima.

Mjomba, kaka yao mkubwa anayekaa Chiwata, aliniita nje kesho yake. Nilimwamkia, akaitikia. Alikuwa amechoka, macho yamevimba.

"Lile jambo la ndani," alisema, "halifai. Maiti imezikwa, sauti inatembea nyumbani. Watu wanaogopa. Lifute."

"Mjomba, ndiyo maneno ya mama."

"Weka sauti yako. Wewe si mwanawe?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Ningefuta kama angenikazania pale pale. Lakini nilisema niende nimuulize mwenyewe. Tuliingia wote wawili. Nikachuchumaa mbele ya mama, nikawasha kishikwambi.

"Mama. Mjomba anasema nibadilishe sauti. Niweke yangu, ya mama mdogo niitoe. Nifanye hivyo?"

Mama alimtazama kaka yake, akanitazama mimi. Mkono ukatoka chini ya kanga. Kidole hakikutangatanga.

"Sitaki mie!"

Mjomba alishtuka, akarudi nyuma hatua moja. Halafu akakaa kitako chini, pale kwenye sakafu, mzee wa watu, akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Mama akanyoosha ule mkono mmoja akamshika kichwani. Hakuna aliyezungumzia tena habari ya kufuta.

Ilibidi nipate mtu wa kukaa na mama, binamu yangu mmoja aliyeachika, mpole, mzito wa kusikia kidogo. Mimi nikaomba mwenye duka anipunguzie siku. Maisha yakaendelea. Ndani ya nyumba mama mdogo aliuliza nani kaacha mlango wazi. Wageni wapya walidhani kuna mtu wa tatu.

Kisha siku moja akaja rafiki wa zamani wa mama kutoka mbali, hakuwa amesikia habari za msiba. Walikaa, akamshika mama mkono, akazungumza peke yake kwa furaha, na kati ya maneno akauliza, "Mdogo wako yuko wapi? Mbona simwoni?"

Mama akaangalia vitufe. Sikuwahi kuweka kitufe cha mama mdogo. Hakikuhitajika, ndiye aliyekuwa anakuja akiitwa kwa kitufe chochote. Mama aliviangalia vyote, kisha akainua macho akanitazama. Nikamweleza yule rafiki yake kilichotokea.

Jioni ile nikarekodi mwenyewe, kwa Kimakonde: mdogo wangu. Hakukuwa na sauti nyingine ya kutumia. Nikaandika msimbo kwenye kile kisanduku, nikaendesha, kitufe kikakaa mwisho kabisa, chini ya korosho. Nikamwonyesha mama mara moja tu mahali kilipo, sikumwambia akiguse, nikaenda jikoni kumenya muhogo.

Nilikuwa katikati ya kumenya nilipoisikia sauti yangu ikisema kule chumbani: mdogo wangu. Kisha tena: mdogo wangu. Nilisimamisha kisu. Nikangoja. Kitu fulani kikaja, kidogo, kama jino lililong'olewa linavyoanza kuuma pale ganzi ya daktari inapopungua, halafu kikapita. Nikaendelea kumenya. Muhogo ule ulikuwa wenye nyuzi, ulinisumbua.

Sasa ni msimu mwingine wa korosho. Mama ameanza kusimama kwa fimbo. Maneno machache yamerudi, yanakuja bila mpangilio: "kesho", "hapana", jina la mbuzi tuliyemchinja zamani. Mazoezi anafanya mwenyewe, amenuna, hataki kuhesabiwa.

Jumamosi iliyopita nilifika nikakuta nyumba kimya. Binamu yangu alikuwa uani anafua, hakunisikia. Kishikwambi kilikuwa mkekani, kimechomekwa kwenye umeme, kimelala kifudifudi. Mama hayupo barazani, hayupo kitandani.

"Mama yuko wapi?" nikauliza kwa nguvu.

Binamu akanionyesha kwa kidevu. Kule njiani, mbali kidogo, alikuwa anatembea kuelekea kwa yule bibi harusi wa jirani aliyejifungua juzi, fimbo mkono wa kushoto, mguu wa kulia unachora mchanga. Hakuwa amebeba kitu kingine. Alisimama kupumzika, akaendelea, akasimama tena.

Nilifikiria kumkimbilia. Nikavua viatu, nikaweka mzigo ndani, nikakaa kumsaidia binamu kukamua nguo.